Tutaichunga Larzac: Njia za Miguu, Kondoo na Lugha katika Historia ya Uwanda wa Chokaa wa Kusini mwa Ufaransa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya uwanda wa Larzac, kusini mwa Ufaransa, kwa kufuata njia zake za miguu. Yanadai kwamba mandhari ambayo watembezi wa leo huisifu kwa ukale wake haikujihifadhi yenyewe. Ilihifadhiwa na wafugaji ambao, kati ya mwaka 1971 na 1981, walikataa ardhi yao kuitwa tupu, na ambao walitegemea zaidi miguu yao, kondoo wao na sentensi moja ya Kioksitani. Sentensi hiyo inapewa nafasi ya pekee katika mjadala huu, kwa kuwa maana yake hudhihirika vizuri zaidi inapotafsiriwa kwa Kiswahili kuliko katika lugha nyingi ilizotafsiriwa.

Utangulizi

Njia ya miguu itokayo mjini Millau, mahali mto Dourbie unapoingia katika mto Tarn, hupanda kuelekea kusini kwa zaidi ya mita 400 kabla ya kufika ukingoni mwa Larzac. Bondeni kuna bustani, miti ya matunda na mapaa ya vigae. Juu kuna nyasi fupi, mawe meupe na upepo. Mpando wenyewe ni mkali, lakini kinachomshangaza mgeni zaidi ni kile asichokiona akishafika: hakuna mto, hakuna kijito, hakuna hata mfereji. Vijiji ni vichache. Vimejengwa kwa mawe yale yale anayoyakanyaga, na baadhi yake vimezungushiwa kuta za ngome. Vitabu vya kuwaongoza watalii hupenda kusema kwamba huku mambo yamebaki kama yalivyokuwa katika enzi za kati.

Kauli hiyo inavutia wageni, lakini haina ukweli. Inamfanya mtembezi aamini kwamba uwanda ulisahauliwa na historia, ilhali miaka hamsini tu iliyopita sehemu kubwa ya njia anazopita ilikuwa imekwisha kupangiwa vifaru na mizinga. Tena, na hili ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini, kauli yenyewe inafanana mno na ile iliyotumiwa na watawala wa wakati huo kuhalalisha mpango wao. Kusema kwamba watu wa mahali fulani wanaishi kikale kunaweza kuwa sifa katika kitabu cha watalii na kuwa hukumu katika ofisi ya wizara.

Uwanda usio na mto

Larzac ndio uwanda mkubwa zaidi kati ya nyanda nne zinazoitwa kwa pamoja Grands Causses. Nyingine tatu ni Sauveterre, Méjean na Noir. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 1,000, na limeenea katika mikoa ya Aveyron, Hérault na Gard. Mwamba wake ni chokaa iliyotuama chini ya bahari katika kipindi cha Jurasiki. Baadaye ardhi iliinuka, na mito ikaikata nyanda hizo kwa makorongo yenye kuta wima: Tarn, Jonte, Dourbie, na upande wa kusini mto Vis. Kwa hiyo kila uwanda ni kama meza iliyotengwa na wenzake kwa mabonde, na mtu anayetaka kutoka uwanda mmoja kwenda mwingine hana budi kushuka hadi mtoni na kupanda tena.

Neno causse lenyewe ni la Kioksitani, na wengi hulihusisha na neno la Kilatini calx, yaani chokaa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatahitaji maelezo marefu hapa, kwani anaijua chokaa kama jiwe la bahari: matumbawe yaliyochomwa tanurini na kupakwa kwenye kuta za Lamu, Mombasa na Kilwa. Jiwe la Larzac nalo ni la bahari, ila bahari yake ilitoweka mamilioni ya miaka kabla ya kuwapo mtu wa kuichoma.

Mvua hunyesha Larzac, tena si haba. Tatizo ni kwamba haikai. Maji huingia katika nyufa za mwamba, husafiri chini kwa chini, kisha hutokea bondeni kama chemchemi. Mfano mashuhuri ni chemchemi ya Durzon, karibu na mji mdogo wa Nant, ambayo maji yake huingia Dourbie. Maisha yote ya uwandani yamepangwa kulingana na ukweli huo mmoja. Mahali ardhi ilipodidimia na kukusanya udongo mwekundu huitwa sotch, na hapo ndipo wakulima walipoweza kulima nafaka. Shimo la wima linaloshuka hadi kwenye mapango huitwa aven. Lambo la kunyweshea kondoo, lililosakafiwa kwa mawe ili maji ya mvua yasipotee, huitwa lavogne; lile la kijiji cha La Couvertoirade hupigwa picha na karibu kila anayepita. Maneno haya yote yametoka kwa wafugaji. Wanajiografia wa Ufaransa walipokuja na madaftari yao walikuta lugha ya shule haina majina ya vitu hivyo, wakalazimika kuyaazima. Causse na aven sasa ni istilahi za kawaida katika vitabu vya jiografia vya Kifaransa.

Kwamba juu na chini ni mwili mmoja lilikuwa jambo ambalo wanavijiji walilijua kwa uzoefu, lakini sheria ya nchi ililitambua kwa kuchelewa. Mwaka 1891 Édouard-Alfred Martel, mwanasheria aliyegeuka kuwa mchunguzi wa mapango, aliugua baada ya kunywa maji ya chemchemi moja mkoani Lot, katika causse nyingine iliyo upande wa magharibi. Alipofuatilia alikuta mzoga wa ndama ukioza katika shimo lililokuwa juu ya chemchemi hiyo. Kampeni yake ilichangia kuingizwa, katika sheria ya afya ya umma ya mwaka 1902, katazo la kutupa mizoga katika mashimo ya aina hiyo.

Nyayo za kondoo na kuta za watawa

Njia za kwanza za eneo hili zilitengenezwa na kondoo zaidi kuliko watu. Kila kiangazi makundi kutoka nyanda za chini za Languedoc yalipandishwa kwenda kwenye malisho ya milimani, na mapito yao huitwa drailles. Draille si barabara. Ni ushoroba mpana uliochimbika kwa kwato za karne nyingi, mara nyingine ukiwa na kuta fupi za mawe kila upande ili mifugo isiingie mashambani. Hufuata migongo ya vilima kwa sababu huko mchungaji huliona kundi lake lote. Mtembezi wa leo anayeshangaa kwa nini njia yake inakataa kushuka bondeni ingawa bonde lina kivuli anafuata maamuzi ya kondoo.

Katikati ya karne ya 12 walifika watawa wapiganaji wa shirika la Templari. Walipewa ardhi Larzac, wakaweka makao yao makuu ya eneo hilo katika kijiji cha Sainte-Eulalie-de-Cernon, na wakajenga ngome La Couvertoirade na La Cavalerie. Mapigano yao yalikuwa mbali, Mashariki ya Kati. Kazi ya Larzac ilikuwa kuyalipia. Uwanda uliwapa nafaka, farasi, ngozi, sufu na jibini. Mfalme Philippe IV aliwakamata Watemplari wa Ufaransa mwaka 1307, shirika likavunjwa mwaka 1312, na mali zao zikahamishiwa kwa shirika la Hospitalari. Ni Wahospitalari, katika karne ya 15, waliozungushia La Couvertoirade kuta ambazo wageni wengi wa leo huziita za Templari. Kosa hilo ni dogo, lakini linaonyesha jinsi jina moja lenye mvuto linavyoweza kufunika karne kadhaa za kazi za watu wengine.

Nguzo ya tatu ni Roquefort. Katika kijiji hicho, ukingoni mwa uwanda, mwamba ulioporomoka wa mlima Combalou umeacha mapango yenye nyufa zinazopitisha hewa baridi na yenye unyevu, na humo jibini ya maziwa ya kondoo huiva. Mwaka 1925 Roquefort ikawa jibini ya kwanza ya Ufaransa kulindwa kwa sheria ya jina la asili. Matokeo yake uwandani yalikuwa makubwa. Kondoo aliyekuwa wa sufu, nyama na samadi akawa zaidi wa maziwa. Na mfugaji, hata yule wa kitongoji cha mbali kabisa, akafungamana na soko la dunia. Kwa hiyo wakati serikali ilipokuja kusema kwamba Larzac ni ardhi ya watu wa kale wasio na uchumi, maziwa ya ardhi hiyo tayari yalikuwa yakiliwa, katika umbo la jibini, ng'ambo ya bahari.

Ardhi iliyoitwa tupu

Mwaka huo huo wa 1902 ambao sheria ilizuia mizoga mashimoni, jeshi lilianzisha kambi ya mazoezi karibu na La Cavalerie, yenye takribani hekta 3,000. Kwa miongo kadhaa wakazi waliizoea. Wanajeshi walinunua bidhaa madukani, na mizinga ilisikika kwa siku zilizojulikana. Kambi ilikuwa pia na historia ambayo vibao vya watalii haviielezi sana: kati ya mwaka 1959 na 1962 Waaljeria walioshukiwa kuunga mkono vita vya uhuru vya nchi yao walizuiliwa humo.

Mnamo Oktoba 1971 Waziri wa Ulinzi, Michel Debré, alitangaza kwamba kambi itapanuliwa hadi hekta 17,000. Wakulima waliohusika hawakushauriwa. Katika kauli za viongozi wa wakati huo uwanda ulielezwa kama mahali palipo karibu na utupu, penye watu wachache wafugao kondoo kwa namna ya zamani. Hoja ya utupu ina nguvu ya pekee kwa sababu haimtukani mtu waziwazi. Inamwondoa tu katika hesabu. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaojua jinsi neno pori linavyoweza kutumika kuyataja malisho yenye wenyewe wataitambua hoja hiyo hata ikisemwa kwa Kifaransa.

Ukweli ni kwamba katika miaka ya 1960 Larzac ilikuwa imeanza kupata wafugaji wapya waliokuja na mashine za kukamulia na mbinu za kisasa, wakakaa kando ya familia za asili zilizokuwa pale kwa vizazi. Makundi hayo mawili hayakuwa marafiki. Wengi wa wazawa walikuwa Wakatoliki wenye msimamo wa kihafidhina, wenye kuheshimu jeshi, na baadhi yao walikuwa wamepigana katika vita vya nchi yao. Masimulizi ya baadaye yamewafanya waonekane kama watu waliozaliwa wakiwa waasi. Sivyo. Mwanzoni wengi hawakujua hata namna ya kuandaa maandamano.

Mnamo Machi 1972 mwanafalsafa mzaliwa wa Italia, Lanza del Vasto, mfuasi wa Gandhi, alifunga kula kwa siku 15 huko La Cavalerie. Wakulima walikwenda kumtazama, wengine kwa udadisi tu, kisha wakakaa naye, wengine wakafunga naye kwa zamu. Tarehe 28 ya mwezi huo wakulima 103 walitia saini kiapo cha kutouza ardhi yao kwa jeshi. Kiapo hicho hakikuwahusu wamiliki wote wa eneo. Wapo waliouza, hasa wale ambao hawakuwa wakiishi pale. Lakini tangu siku hiyo idadi ya 103 ikawa kama jina la ukoo.

Gardarem

Kauli mbiu ya harakati ilikuwa Gardarem lo Larzac. Ni Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa ambayo wazee wa uwandani waliizungumza nyumbani na mazizini, na ambayo shule tangu sheria za Jules Ferry za miaka ya 1880 ilikuwa imewafundisha kuionea haya. Sheria ya mwaka 1951 iliruhusu ifundishwe kwa kiasi kidogo, lakini kufikia mwaka 1971 wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuacha kuwarithisha watoto wao. Ilikuwa lugha ya kumwitia mbwa wa kondoo. Sasa ikaandikwa kwa rangi juu ya kuta na madaraja, ikapigiwa kelele mjini Paris na vijana wasiojua neno jingine lolote la lugha hiyo, na kuanzia mwaka 1975 ikawa jina la gazeti la harakati.

Kisarufi jambo ni jepesi: gardar ni kitenzi, na gardarem ni nafsi ya kwanza wingi, wakati ujao. Ugumu uko katika maana. Tafsiri zilizozoeleka husema "tutaihifadhi Larzac" au "tutabaki na Larzac". Zote mbili ni sahihi na zote mbili zinapoteza kitu, kwa kuwa gardar ndicho pia kitenzi cha mchungaji aliye na kundi lake malishoni. Kuhifadhi ni kazi ya jumba la makumbusho. Kubaki na kitu ni kauli ya mwenye mali. Kiswahili kina kitenzi kinachobeba pande zote mbili bila kujikakamua: kuchunga. Mtu huchunga mbuzi, huchunga mlango usiingiliwe, huchunga ulimi wake. Tutaichunga Larzac. Anayechunga si lazima awe mmiliki wa kundi, na hawezi kuchunga akiwa mbali. Kama itakavyoonekana, hivyo ndivyo mgogoro ulivyokuja kutatuliwa kisheria, na ni vigumu kuamini kwamba neno lenyewe halikuwa na mchango katika kuwaandaa watu kulikubali suluhisho hilo.

Kilomita 710

Mbinu za harakati zilikuwa nyingi, na hapa hazihitaji kurudiwa zote. Oktoba 1972 kondoo wapatao 60 waliachiwa kwenye nyasi chini ya mnara wa Eiffel. Wakazi wa Paris walifurahi, polisi wakahangaika. Januari 1973 msafara wa matrekta ulielekea mji mkuu, ukazuiwa Orléans. Agosti ya mwaka huo makumi ya maelfu ya watu walikutana Rajal del Guorp, mahali penye miamba mirefu karibu na barabara kuu; neno la mwisho la jina hilo ni kunguru. Mwaka uliofuata walirudi kwa wingi zaidi kwa ajili ya sherehe ya mavuno yaliyotengwa kwa nchi maskini, wakati ukame wa Sahel ulipokuwa ukiua watu na mifugo. Ujumbe ulikuwa kwamba ngano hulisha na silaha huua. Siku hizo François Mitterrand alifika uwandani na kushambuliwa na baadhi ya waandamanaji, jambo ambalo halikuashiria yale yaliyokuja baada ya miaka saba.

Lililo muhimu zaidi kwa makala haya ni zizi la La Blaquière. Ujenzi wake ulianza mwaka 1973, bila kibali, ndani kabisa ya eneo ambalo jeshi lilitaka kulitwaa. Fedha zilitoka kwa wananchi wa sehemu mbalimbali za Ufaransa waliokataa kulipa asilimia 3 ya kodi yao na kuipeleka Larzac. Vijana waliokataa utumishi wa jeshi walichonga mawe, wengine wakaacha majina yao yamechorwa ukutani. Lilikuwa zizi la kweli, kubwa, la kondoo wa maziwa, wala halikuwa mfano wa kuonyeshwa. Ardhi iliyoitwa tupu ilijibiwa kwa jengo. Machi 1975 bomu liliharibu nyumba ya familia ya wafugaji katika kitongoji hicho hicho. Waliokuwa ndani walinusurika.

Wakati huo huo mashamba ambayo jeshi lilikwisha kuyanunua yalikuwa yakikaliwa na kulimwa na wafuasi wa harakati, na vipande vidogo vya ardhi viligawanywa kwa hisa miongoni mwa maelfu ya watu ili kila hati ya utwaaji impate mtu mwingine wa kuandikiwa barua. Serikali haikurudi nyuma. Taratibu za utwaaji ziliendelea, na kufikia mwaka 1978 wakulima walikuwa wamechoka na wamegawanyika juu ya suala la kufanya au kutofanya mazungumzo.

Hapo ndipo walipoamua kutembea. Tarehe 8 Novemba 1978 kundi la wakulima liliondoka Larzac kwa miguu kwenda Paris, umbali wa kilomita 710, na likafika tarehe 2 Desemba. Siku 25 za mwanzo wa majira ya baridi. Matrekta yangefika haraka zaidi na kondoo wangepigwa picha zaidi, lakini yote hayo yalikuwa yamekwisha kufanywa. Kutembea kulikuwa na faida ambayo njia nyingine hazikuwa nayo: kila jioni mtembeaji analazimika kulala mahali, na mahali hapo pana wenyeji wanaouliza maswali. Mji baada ya mji, wakulima wa mikoa mingine waliwapokea, wakawalisha, na wengine wakatembea nao hadi mpaka wa wilaya. Walipoingia Paris walifuatwa na makumi ya maelfu ya watu. Draille, njia iliyokuwa ikiunganisha bonde na mlima, ilikuwa kwa mwezi mmoja imerefushwa hadi mji mkuu.

Maandamano hayo hayakuufuta mpango. Aliyeufuta ni mpiga kura. Mitterrand alichaguliwa kuwa Rais tarehe 10 Mei 1981, na tarehe 3 Juni serikali yake ikatangaza kwamba kambi haitapanuliwa. Wapo wanaosema kwamba bila uchaguzi huo wakulima wangeshindwa, na huenda ni kweli. Hata hivyo miaka kumi ya kuchelewesha ndiyo iliyoufanya uchaguzi huo uwakute bado wapo uwandani.

Njia baada ya mwaka 1981

Serikali ilibaki na ardhi iliyokuwa imenunuliwa na jeshi nje ya mipaka ya kambi ya zamani, takribani hekta 6,300. Ingeweza kuiuza. Badala yake, mwaka 1985 iliikodisha kwa muda mrefu kwa chombo kilichoundwa na wakazi wenyewe, kiitwacho Société civile des terres du Larzac. Chombo hicho huwapangisha wafugaji kwa muda wote wa kazi yao. Anayestaafu huondoka, na nafasi humwendea mwingine anayeweza kuishi pale na kufanya kazi. Hakuna anayerithi wala anayeuza. Mkataba wa awali ulikuwa ufikie mwisho mwaka 2044, na mwaka 2013 ulirefushwa hadi 2083. Katika sehemu nyingi za vijijini Ufaransa nyumba za mawe zimenunuliwa na watu wa mijini na kufungwa madirisha kwa miezi kumi ya mwaka. Katika ardhi ya chombo hiki taa zinawaka wakati wa baridi, na huenda hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote ambayo mtembezi anaweza kuiona, iwapo atatembea Januari.

Watembezi wenyewe walikuwa wakiongezeka. Alama nyeupe na nyekundu za njia ndefu za Ufaransa zilianza kupakwa mwaka 1947, na Larzac ina tawi lake, GR 71C, linalozunguka vijiji vya Templari na Hospitalari. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza Causses pamoja na milima ya Cévennes katika orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la zaidi ya hekta 300,000, kama mandhari hai ya kilimo na ufugaji wa Mediterania. Neno "hai" ndilo lililo zito hapo. Kilichoorodheshwa ni malisho, mazizi, drailles na malambo, vitu ambavyo hufa kondoo wakiondoka: nyasi hugeuka vichaka, lavogne hujaa tope, na njia hufungwa na miiba katika muda usiofika hata kizazi kimoja.

Kambi ya zamani nayo ipo. Tangu mwaka 2016 inakaliwa na Nusu-Brigedi ya 13 ya Jeshi la Kigeni la Ufaransa, kikosi kilichokaa Djibouti kuanzia mwaka 1962 hadi 2011 na kisha Abu Dhabi. Kuwasili kwake kulizua tena mijadala mezani La Cavalerie, safari hii baina ya wanaokumbuka kiapo cha mwaka 1972 na wafanyabiashara waliofurahia kupata wateja.

Lugha ya kauli mbiu haikupata bahati iliyoipata ardhi. UNESCO huiweka Kioksitani miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Shule za Calandreta, zinazofundisha kwa lugha hiyo, zilianza mjini Pau mwaka 1979, yaani mwaka mmoja baada ya safari ya kilomita 710, na zimeenea katika miji kadhaa ya kusini. Lakini mtoto anayejifunza darasani neno lavogne na mzee aliyelijua kwa kubeba ndoo hawako tena katika nyumba moja. Uwandani Kioksitani kinaonekana zaidi kuliko kinavyosikika: katika majina ya mashamba, katika ramani za watembezi zenye sotch na aven kila upande, na katika maneno mawili matatu ambayo wafugaji vijana, wengi wao wakiwa wametoka mikoa mingine, wameyajua kutoka kwa majirani zao wazee na bado huyatumia kuwaita kondoo jioni.